Inchi Mbili na Robo

"Rudia," alisema Ramona Kibbe, mkuu wa wahandisi, akimsukumia mhandisi Alcide Fontenot karatasi zake za hesabu kwa mara ya nne.

Alcide alikuwa amesharudia. Bomba jipya la mvuke likipata moto lingerefuka na kukibana kiungo chake chenye mikunjo, kinachojikunja bomba linaporefuka, kwa inchi mbili na robo. Waliokitengeneza waliruhusu inchi moja na nusu tu. Zaidi ya hapo chuma hupasuka, na mvuke ule hubambua nyama mfupani.

"Hesabu haibadiliki, bosi. Siwezi kusaini."

"Basi nasaini mimi. Mzee, kilichopasuka ni hicho kichwa chako."

Kesho yake hesabu zake zilibandikwa kwenye ukuta wa kantini, juu zimeandikwa: Mtabiri Wetu. Kila fundi aliyepita na bakuli lake la mchuzi wa gambo alimuuliza kama mji wao wa Lake Charles utapata mvua. Alcide, mwenye miaka thelathini na moja kazini, akawa anakula garini peke yake.

Hata hivyo, asubuhi ya kuwasha mtambo alisimama langoni akamsihi kila fundi akae mbali na bomba lile. Walimpita wakicheka.

Mvuke ukaingia, joto likazidi kupanda. Kufika saa nne, mshale wa kuonyesha mwendo wa kiungo haukuwa umesogea hata upana wa ukucha. Ramona akamwita Alcide mbele ya watu wote.

"Haya, mtabiri. Panda ukausome mwenyewe, halafu uwaombe radhi hawa uliowatisha."

Alcide akapanda ngazi hadi kwenye jukwaa la kando ya bomba, akapiga magoti, akachungulia chini ya kiungo. Vyuma vinne vya njano, vinavyofungwa kiwandani ili mikunjo isicheze safarini, vilikuwa bado vimekazwa. Hakuna aliyekumbuka kuvitoa; ndivyo vilivyouzuia mshale, na vikikatika kiungo kingepasuka papo hapo. Kimoja kilishaanza kupinda, na nati yake ilikuwa inalia taratibu.

Akainuka, akajipangusa magoti, akashuka.

"Nimekosea," akasema, wote wakamsikia. "Niwieni radhi, jamani. Nendeni mkanywe kahawa, mmeisubiri tangu alfajiri."

Mafundi wakatawanyika wakipigana mabega kwa vicheko. Alcide akangoja mpaka wa mwisho alipokata kona, kisha akamshikia Ramona ngazi.

"Panda, bosi. Inama pale karibu kabisa, ujionee."