Picha ya Kuwekwa Kwenye Fremu Nyeusi

Msimamizi wa mazishi aliiweka fremu nyeusi mezani, akasubiri apewe picha ya marehemu, ile ambayo waombolezaji wangeifukizia ubani.

Chizuru alimpa ile moja iliyokuwepo. Tangu ujana mama yake alizikimbia kamera zote. Kamera iliyopiga picha hii peke yake hakuikimbia, kwa sababu ilifanana na kichezeo cha mtoto. Chizuru ndiye aliyeibuni, iwe rahisi na ya bei nafuu, na lenzi ya plastiki aliing'ang'ania yeye ingawa wahandisi waliikataa. Picha zake hutoka na ukungu pembeni, na katikati tu ndipo panapoonekana vizuri.

"Mbona uso wangu umeyeyuka?" mama aliuliza siku ile alipoiona picha.

"Ndio utamu wake, mama," Chizuru alijibu, wakacheka.

Sasa picha ilikuzwa kwenye kompyuta, na uso ukazidi kutawanyika kama uji uliomwagika. Kilichobaki wazi ni mkono uliokuwa katikati, ukimenya chenza: kucha fupi, kovu la mafuta ya moto kwenye kidole gumba, hata ganda lililoning'inia.

"Dada, wewe mtu wa kamera," mdogo wake alifoka, "ndiyo umetuletea hii?"

Msimamizi alikohoa kidogo. "Hakuna nyingine kweli?"

"Kuza mkono," Chizuru alisema.

"Watu waje kuufukizia mkono ubani?" mdogo wake aliuliza.

Chizuru alikuwa ameshaivuta fremu kwake, anakifuta kioo kwa ncha ya gauni lake jeusi.