Shule Iliyoshika Namba Moja

Wanyama wa kata moja walikuwa na shule mbili za serikali. Korongo aliongoza ya kilimani, Punda ya bondeni. Kila mwaka Afisa Elimu, Tembo, alizipanga kwa wastani wa alama, na Korongo aliitaka namba moja kuliko samaki.

Mtihani ulipokaribia, alimwita Kinyonga. "Wewe unatushusha. Nenda kwa Punda."

"Lakini mwalimu, nimebakiza sura mbili tu nimalize kitabu."

"Kamalizie huko huko!"

Akamfukuza na Kobe, na Konokono, na kila aliyechelewa kunyoosha mkono, hata akabaki Tumbili peke yake. Tumbili akapata tisini na nane. Shule ya kilimani ikawa ya kwanza, ya Punda ikashika mkia.

Tembo akaja na cheti. "Hongera sana, mwalimu. Wanafunzi wako wapi?"

"Ndiye huyu, mheshimiwa."

Tembo akamkabidhi cheti, kisha akaifunga shule, maana mwanafunzi mmoja hafanyi shule. Madawati yote yakapelekwa bondeni. Korongo akayafuata, cheti mdomoni, kuomba kazi.

"Karibu, mwalimu mwenzangu," Punda akamwambia. "Hapa hatujawahi kumfukuza mtu, na hatutaanza na wewe."