Siku Aliyokufa Pyo In-gyu

Bang Chil-seong alisimama katikati ya kivuko, taa ya waenda kwa miguu ikikaribia kuzimika, akasema hapa pana kijito.

"Kijito gani, babu? Vuka kwanza!" Eun-suk alimvuta mkono. Gari likawapigia honi.

"Rafiki yangu aliniambia. Kijito, na mawe ya kufulia."

"Kilifunikwa saruji kabla sijazaliwa. Magari yanapita juu yake."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

Alikuwa ametimiza siku kumi na moja mjini Daegu, Korea Kusini. Eun-suk alijitolea kuwazoesha mji watu waliotoroka Korea Kaskazini: mabasi, benki, lifti. Kanuni ya kwanza aliyofundishwa ni kutowadadisi na kutowapiga picha. Sura ikitokea gazetini, watoto waliobaki huko ndio wanaoadhibiwa.

Siku kumi mzee alikaa chumbani akitazama ukuta. Leo ndipo alipoomba kutoka. Alikuwa na ujumbe. Mwanajeshi mmoja wa Daegu, Pyo In-gyu, alitekwa vitani miaka hamsini iliyopita, akapelekwa Kaskazini kuchimba makaa ya mawe pamoja naye. Hakurudi kwao. Mjane wake hajawahi kuambiwa alikufa lini.

"Lazima iwe leo?" Eun-suk alikuwa amemuuliza.

"Lazima."

Kisha Eun-suk akakumbuka. Ilikuwa siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya kale. Kila marehemu huandaliwa chakula siku aliyokufa. Wale ambao hakuna ajuaye walikufa lini huandaliwa leo, wote kwa pamoja, kama wageni wasio na mwaliko wao.

Sokoni Seomun mzee alichagua matofaa ya zawadi. Alibonyeza moja baada ya jingine, polepole.

"Babu, unanunua au unaposa?" muuzaji alimchokoza. "Mikono taratibu, mama mkwe anakuona!"

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Eun-suk naye akacheka, akaona haya. Mzee alilipa, akachukua mfuko wake.

Nyumba ya mjane ilikuwa ndani ya kichochoro, lango limeachwa wazi. Mwanamke mwembamba, karibu miaka sabini, alitoka akifuta mikono kwenye aproni. Jirani aliyekuwa anapita alimsalimu "Mama Dong-hwi". Eun-suk alimweleza: mzee huyu alikuwa na mumeo mgodini, amekuja kukwambia tarehe.

Mama Dong-hwi alimtazama mgeni. Kisha akayatazama matofaa.

"Ingieni," alisema. "Ndiyo kwanza tunamwandalia."

Ndani, mwanawe Dong-hwi alikuwa anapanga vyakula mezani. Alizaliwa baba yake akiwa tayari vitani. Picha zote ziliungua mwaka ule wa vita, kwa hiyo mahali pa picha palibandikwa karatasi yenye jina la marehemu. Alimimina pombe, akapiga magoti, akainama mara mbili mpaka paji la uso likagusa sakafu. Halafu akasogea pembeni.

"Karibu, mzee. Mwinamie rafiki yako."

"Magoti yangu hayakunjiki."

"Utoke huko kote, uje usimpe hata heshima ya—"

"Mwache," mama yake alisema.

Dong-hwi alikunja uso. Aliibandua karatasi, akaichoma juu ya bakuli la shaba, kama inavyofanywa marehemu akishaagwa. Mzee alitazama mpaka jina lote likawa jivu.

Kisha wakakaa kula chakula cha marehemu. Mzee alikunja miguu, akaketi sakafuni kama wengine. Mama Dong-hwi alimpakulia papa wa chumvi. Kabla ya kuiweka nyama juu ya wali wake, alitoa ngozi.

"Umeacha watu huko?" aliuliza.

"Wawili. Wa kike na wa kiume. Mama yao alishafariki."

"Watu wazima?"

"Wana watoto wao."

Mama Dong-hwi aliweka kijiko chini. Alikaa hivyo muda mrefu, supu ikipoa, mpaka Dong-hwi akamgusa bega.

"Haya," alisema. "Tuambie. Alikufa lini?"

"Mwaka uliofuata vita kusimama. Mwezi wa tano, siku ya kumi na nne. Alfajiri." Mzee alitaja kila neno kama anayesoma namba ya basi.

"Aliteseka?" Dong-hwi aliuliza.

"Hapana. Hakusikia kitu."

Dong-hwi alichukua kalamu, akaandika tarehe nyuma ya kalenda ya ukutani. Akaandika tena chini yake kwa herufi kubwa zaidi. Halafu akageukia ukuta, mwanamume wa miaka hamsini, akalia kwa sauti.

"Mama, baba ana siku yake. Hatungoji tena na wasiojulikana."

"Nimesikia, mwanangu."

Yeye hakulia. Alifunga wali na papa katika kitambaa, akampa mgeni kwa mikono miwili. Mgeni alipokea kwa mikono miwili.

Mzee alivaa viatu, akatangulia kichochoroni. Eun-suk alipokuwa anainama kuaga, Mama Dong-hwi alimshika mkono wa koti, macho yakiwa kwenye mgongo wa mzee unaokwenda.

"Umfikishe mpaka chumbani, mwanangu," alinong'ona ili mwanawe asisikie. "Mume wangu akipotea huwa hasemi."