Kobe Karaini

Zamani, wanyama walipokuwa wakiuguzana, kipupwe kilimshika Kobe vibaya. Siku ya nne hakuwa ametoa kichwa. Nyani, rafiki yake, akampashia maji, akamloweka karaini, akafunika kwa ungo. Lakini mikono ya Nyani haijui kutulia. Akafunua, akachovya kidole, akafunika, akafunua tena. Maji yakapoa. Akaongeza ya moto, yakapoa tena, hata karai likakaribia kufurika.

Nyani akamwita jirani yake: "Mama Kuku, njoo! Rafiki yangu ananifia!"

"Punguza maji, yaishie kidevuni. Ongeza ya moto kidogo, kisha funika," Kuku akasema.

Nyani alipokwisha funika, Kuku akapanda juu ya ungo, akatandaza mbawa, akaatamia.

Nyani akanyoosha mkono. "Nichungulie tu?"

Kuku akamdonoa. "Mwanangu, mayai nayaatamia siku ishirini na moja. Umeniona nikiyapasua nione kifaranga kafika wapi?"

Nyani akaikalia mikono yake.

Jua likapanda. Mara, chini ya ungo, ikasikika sauti ya mtu anayekunywa maji. Kuku akashuka taratibu. Mvuke ukafuka, na ndani yake ikainuka shingo ya Kobe, ndefu, macho wazi.

Tangu hapo, ukimkuta Nyani ameikalia mikono, ujue kuna kitu anakiombea uzima.