Mlima Unashuka

"Mlima unashuka! Tokeni! Vukeni daraja!"

Ulikuwa mlango wa tatu, na hakuna aliyetoka. Kijijini walimwita Kiguu, yaani kiguu na njia, kwa sababu hapakuwa na kichochoro ambacho hakijamwona akikimbia. Leo alikimbia pekupeku, vidole vya miguu vikichuruzika damu, tope jekundu likiwa limemfika magotini.

Alikuwa ameyaona kwa macho yake. Chemchemi ya nyuma ya nyumba ilikauka alfajiri, kisha ikatapika tope. Alipopanda zizini kuwafungulia mbuzi alikuta ardhi imepasuka, ufa wa kumeza mguu wa mtu, na ufa huo ulizidi kupanuka huku anautazama. Nyumba ya kwanza chini yake, juu ya kijiji kizima, ilikuwa yao, na ndani yake mama yake, mtu wa mwili, ambaye hajasimama tangu alipovunjika nyonga. Kiguu alimburuta kwa mkeka mpaka kizingitini, akaishia hapo. Mama alikuwa mzito, naye alikuwa peke yake.

"Kaite wanaume," mama alimwambia. Kisha akamkazia macho. "Mwanangu, leo unalia kwelikweli."

Ndipo alipotoka mbio.

Mwoka mikate alikuwa dirishani anapanga mikate ya moto.

"Kaka, nakuomba, njoo tumbebe mama! Mlima unashuka!"

"Leo umewahi, dada," alisema mwoka mikate. "Wageni hata hawajashuka wote kwenye basi. Na kile kitambaa chako cheusi umekiacha wapi?"

"Kitambaa cha nini? Mama atakufa!"

"Sote tutakufa," akajibu, akacheka, akarudi kwenye tanuri lake.

Fundi viatu hakuinua hata kichwa mpaka alipoona miguu yake. "Lo!" akasema. "Leo mpaka damu!" Akaendelea kupiga misumari.

Kisiwa kile hakikosi wageni. Wakichoka kujianika ufukweni kama samaki, hupakiwa kwenye mabasi madogo na kupandishwa huku juu, waone nyumba za mawe zilizong'ang'ania mlima, maua ya madirishani, na mawingu yanayopita chini ya miguu ya mtu. Na mahali ni pazuri, hilo halina ubishi. Sasa walikuwa wamejaa kichochoroni. Walipomwona Kiguu anakuja walijibana ukutani, huku na huku, wakampisha, wakainua simu zao.

Mama mmoja mwenye kofia pana alikuwa akifuta machozi. Kiguu alimshika mkono, akamwonyesha mlima, kisha akamwonyesha daraja. Yule mama aliitikia kwa kichwa, akamminya mkono kwa huruma, akabaki palepale.

Kiguu alihisi pumzi inamwishia. Angewaambiaje? Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa hayohayo, na alikuwa ameshayasema yote. Akapiga magoti katikati ya njia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaapa kwa Mungu, akaapa kwa maziwa ya mama yake. Muuza asali, mwanamke waliyecheza naye tangu utotoni, alimsogelea akamnong'oneza sikioni, "Shoga, inuka bwana. Utaumia magoti, na kesho je?"

"Hakuna kesho!" Kiguu alipiga kelele. "Hebu nitazame! Mimi ni mtu wa kukudanganya wewe?"

Shoga yake alimtazama, na kwa kitambo kidogo uso ukambadilika. Lakini mgeni mmoja akauliza bei ya asali, naye akageuka kumhudumia.

Ilibaki kengele. Kiguu alizipanda ngazi za mnara kwa mikono na miguu. Juu alimkuta shemeji yake, mume wa dada yake, amekaa na kikombe cha kahawa, kamba ya kengele ikining'inia kando yake.

"Shemeji, piga! Piga, watu watoke!"

"Napiga, shemeji, napiga. Haraka haraka haina baraka. Hata kahawa sijamaliza."

Akaweka kikombe chini, akaivuta kamba. Kengele ikalia, ikatikisa mnara mzima. Kiguu alichungulia chini, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri moyo ukamtulia. Milango ilikuwa inafunguka. Watu walikuwa wanatoka, mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi. Mwoka mikate alitoka. Fundi viatu alitoka. Wanaume wa kumbeba mama yake walikuwa wametosha, na kuzidi. Alishuka ngazi huku analia kwa furaha.

Alipofika uwanjani aliona walichobeba. Walikuwa wamebeba meza. Walikuwa wamebeba kofia za kusuka, vinyago na chupa za asali, wanavipanga haraka haraka, kila mtu mahali pake, bei zikitazama wageni. Hakuna aliyekuwa akielekea darajani.

"Mama yangu!" Kiguu alilia, sauti imemkauka. "Jamani, mama yangu!"

Mtembeza wageni aliinua mwavuli wake wa njano ili kundi lake limwone.

"Mabibi na mabwana," akasema, "hivyo ndivyo mwanamke mmoja alivyokimbia katika vichochoro hivi enzi za mababu zetu, akiwaonya watu, na hakuna aliyemwamini, mpaka kijiji kizima kikafukiwa. Huyu dada yetu hutuigizia mkasa huo kila asubuhi, lakini leo, nasema kweli, ametia fora. Mpigieni makofi!"

Wakampigia, wageni kwa wenyeji, makofi makubwa hata aliyeusikia mlima unashuka ni Kiguu peke yake, aliyekuwa ameshageuka anamkimbilia mama yake.