Nyumba Inayokunywa Supu ya Kongoro

Nyumba za siku hizi zinajiponya zenyewe. Ukuta ukipata ufa, unafunga kama kidonda. Watu wa bima wanashauri uilishe nyumba kikombe kimoja cha uji mwepesi kila Jumapili, unamwagia kwenye msingi.

Mimi nikaona huo ni uchoyo. Nikaipa supu ya kongoro, sufuria nzima! Jamani, mngeiona. Nyufa zilifunga kabla sijarudisha sufuria jikoni, hata tundu la msumari wa kalenda likajaa. Majirani wakaja kupapasa kuta, nami nikazidisha supu.

Jana mke wangu akaniita chumbani. Dirisha lilikuwa limebaki dogo kama sahani.

"Baba Tumsifu, nyumba yako inadhani dirisha nalo ni kidonda."

"Si ndiyo afya hiyo?"

"Afya gani? Mpigie yule binti wa bima."

Nikampigia. Akaniuliza taratibu, "Babu, mlangoni bado mnapita kawaida, au mmeanza kupita kwa ubavu?"

Nikageuka. Mama Tumsifu alikuwa ameshajipenyeza nje, ananinyooshea mkono. Nikalitazama tumbo langu, maana supu ile tulikuwa tunakunywa wote, mimi na nyumba.