Kinundu cha Ng'ambo

Mzee Cheche aliinamia meza, akainusa ile fremu. Kweli aliinusa, kama mtu anayeyatilia shaka maziwa ya jana. Wachomeleaji wenzake walisimama nyuma yake, na bosi alikaa pembeni na simu mkononi, akisubiri hukumu.

Ilikuwa fremu ya baiskeli, tupu, haijapakwa rangi, na ilitoka ng'ambo. Nyingine kama hiyo zilijaa stoo. Bosi alikuwa amesema bila kumung'unya maneno: zikiwa nzuri kuliko zinazotengenezwa hapa, mashine za kuchomelea zinazimwa na watu wanakwenda kwao. Ila kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, au tuseme mtu wa kupenda kuonekana wa haki, alimpa fundi wake mkuu nafasi ya kuzikagua. Ikipatikana kasoro moja ya kweli, zote zinarudi zilikotoka.

Basi Mzee Cheche akaitafuta kasoro, na kasoro ikamkimbia. Mshono ulilizunguka bomba umetulia, umepangana kama magamba ya samaki. Aliutazama, akaurudia, na kila alipourudia aliuona mzuri zaidi, jambo lililozidi kumpandisha hasira. Mkono wa huyo mtu wa ng'ambo ulimkaa vizuri machoni, sijui kwa nini. Angekuwa peke yake angempongeza.

Lakini hakuwa peke yake. Wote waliosimama pale walikuwa wamepita mikononi mwake. Alimfundisha kazi shemeji yake, akamfundisha jirani, akawafundisha hata wanawe mwenyewe siku za likizo, mpaka alipoona wanaanza kunogewa akawafukuza wakashike kalamu. Na kalamu ilimlipa. Kitinda mimba wake alikuwa ng'ambo akifanya kazi ya ofisi, na mtaa mzima ulijua, kwa sababu mzee alimweleza kila aliyeuliza na kila ambaye hakuuliza kwamba bintiye anakalia kiti kinachozunguka. Leo hii karakana ifungwe, yeye arudi nyumbani kukalia mkeka? Thubutu.

Akapitisha kidole gumba mahali mshono ulipoishia. Hapo! Palikuwa na kinundu kidogo kama punje ya mchele. Mchomeleaji alifika mwisho, akasita, akarudi nyuma kidogo, ndipo akauondoa moto. Kinundu hicho hakikuwa na madhara yoyote, na mzee alilijua hilo vizuri. Ila pale karakanani kila mwisho wa mshono ulipigwa tupa ukawa laini kabla ya rangi, tangu enzi na enzi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukitazama kinundu cha mwenzake, wala chake mwenyewe. Kumbe huko ng'ambo hawapigi tupa.

Akajiweka sawa, akakohoa. Bosi akasogeza simu, maana wauzaji wa ng'ambo walikuwa hewani na mkalimani wao, wakisikiliza.

"Aliyechomelea hii simlaumu," alisema Mzee Cheche taratibu, akihakikisha kila neno linafika. "Namlaumu aliyemfundisha. Mtu yule hafai hata kuwasha jiko."

Wenzake wakaangua kicheko. Bosi akakiona kinundu, akakishika, akakunja uso kana kwamba kimemng'ata. Mkalimani akayapeleka maneno yote kama yalivyo. Wauzaji wakaomba radhi mara nyingi, wakaahidi kuzichukua fremu zao, na wakasema kila fremu ina alama ya mchomeleaji wake, kwa hiyo mhusika angejulikana leo hii hii. Karakana ikapona. Mzee Cheche alibebwa juujuu hadi getini, akilalamika kwa raha kwamba mgongo unamuuma.

Nyumbani alimsimulia mkewe kisa chote, akakirudia, na kila alipokirudia yule mwalimu wa ng'ambo alizidi kuwa mjinga. Mkewe alicheka, kisha akatikisa kichwa.

"Maskini," alisema. "Huyo mchomeleaji naye si mtoto wa watu? Sijui watamfanya nini."

Mzee akamwambia aache huruma za bure. Kila mtu ana wazazi wake, wamtunze. Yeye alikuwa ameokoa mkate wa karakana nzima, na alikuwa na njaa.

Hawajamaliza kula, simu ya mkewe ikalia. Alikuwa binti yao, na siku ile hakuanza kwa salamu. Sauti ilikuwa imekauka, ya mtu aliyekwisha kulia. Mama mtu akaiongeza sauti, akaiweka simu mezani katikati yao.

"Baba, nisamehe. Nimewadanganya," alisema. "Ofisini sijawahi kukaa hata siku moja. Nachomelea fremu za baiskeli. Kazi uliyonifundisha ndiyo niliyoipenda, nikaogopa kukwambia. Na leo nimefukuzwa."

Mkono wa Mzee Cheche ukabaki hewani na tonge lake. Mkewe ndiye aliyeuliza kisa ni nini.

"Kuna fundi wa mteja mmoja, sijui wa wapi, kanikosoa. Wakubwa walitaka niombe radhi tu, yaishe, nirudi kazini. Ningeomba, Mama, haki ya Mungu. Lakini huyo mtu hakunitukana mimi, kamtukana Baba. Nikawaambia siombi radhi hata mniue." Akapenga kamasi. "Baba, nakata tiketi. Nikifika, tumtafute huyo mtu wote wawili."